Kupaka Mafuta Kitako cha Bunduki, Mkono kwa Mkono

"Fundi, nipake vanishi gani?" Hilo ndilo swali la kwanza, kila mara. La pili: "Nimepaka mafuta ya linsidi wiki iliyopita, mbona bado inanata?" La tatu huja kwa sauti ya chini kidogo: "Nimekipiga msasa kitako chote, sasa chuma kimekaa juu kuliko mbao. Kinarekebishika?" Nimeyajibu maswali haya kwenye simu, msibani, na mara moja kwenye foleni ya benki. Safari hii nayaandika yote mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye bunduki anayoimiliki kihalali, ya kuwindia, ya kulindia shamba au ya urithi, ambayo mbao yake imepauka, imechubuka au imeshika weusi wa jasho na mafuta ya miaka mingi. Nikisema kitako nina maana ya mbao yote, kuanzia pale inapokaa begani hadi inapoishia chini ya mtutu.

Mimi ni seremala, si fundi wa silaha. Wateja wangu huniletea mbao tupu. Bunduki yenyewe hubaki kwao ndani ya kasha lililofungwa, au kwa fundi wa silaha mwenye leseni. Nawe fanya hivyohivyo, usimwachie seremala silaha hata akiwa shemeji yako. Tanzania na Kenya zote, sheria ya silaha haina utani.

Kwa nini mafuta na si vanishi? Vanishi ni ngozi juu ya mbao. Ikikwaruzwa na mwiba inaacha mstari mweupe, maji yanapita humo, ngozi inaanza kubanduka, na ukitaka kurekebisha lazima uivue yote. Mafuta yanayokauka yanaingia kwenye nyuzi. Kitako kikikwaruzwa unaweka tone, unasugua, unaendelea na safari. Ndiyo maana vitako vya Lee-Enfield vya jeshi la Uingereza vilitiwa linsidi mbichi, na bunduki hizo za .303 ndizo askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki) walizobeba hadi Burma wakati wa Vita Kuu ya Pili. Mafundi wa London waliotengeneza bunduki za mabwana walitumia mafuta hayohayo, ila wao walikaa na kitako kimoja wiki nyingi, na mafuta waliyatia wekundu kwa mzizi wa alkaneti. Mizizi ya jamii hiyo utaipata kwenye maduka ya viungo ya Wahindi, wao huiita ratanjoti. Iloweke kwenye mafuta siku chache, uchuje, utapata wekundu wa kupendeza kwenye mbao iliyopauka.

Ila nisikudanganye: linsidi haizuii maji kabisa. Inayapunguzia mwendo tu. Mvua ya siku nzima porini itakufikia. Anayetaka kinga ya asilimia mia anunue kitako cha plastiki.

MAFUTA YAPI

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mafuta unayoyataka ni yale yanayokauka yakawa magumu. Mafuta ya nazi hayakauki. Mafuta ya mbarika hayakauki. Oili ya injini haikauki, na oili chafu ndiyo balaa kabisa, ingawa najua wazee walipaka kwenye mihimili ya nyumba kuzuia mchwa. Alizeti na ufuta hukauka nusunusu, unabakiwa na gundi inayoshika kila vumbi linalopita. Yanayokauka kweli, na unayoweza kuyapata, ni mawili: linsidi, yaani mafuta ya mbegu za kitani, na tung, yanayotoka kwenye kokwa za mti wa asili ya Uchina.

Linsidi inauzwa ya aina mbili. Mbichi hukauka kwa siku nyingi, hata wiki, hasa hewa ikiwa na unyevu. "Iliyochemshwa" hukauka ndani ya siku moja au mbili. Neno hilo lisikupotoshe. Inayouzwa madukani haikaushwi haraka na kuchemshwa, bali na chumvi za metali kama kobalti na manganizi zilizotiwa ndani. Kijana mmoja alinipigia kuuliza aichemshe linsidi mbichi dakika ngapi kwenye jiko la mkaa. Jibu ni sifuri. Utachoma nyumba na bado hutakuwa na linsidi ya haraka.

Tung ni ngumu zaidi na huvumilia maji kuliko linsidi, lakini ni ghali na huku kwetu ni adimu. Tena soma kopo vizuri, maana mengi yaliyoandikwa tung ni vanishi iliyozimuliwa kwa tina, ile ya kuyeyushia rangi.

Anayeanza achukue linsidi iliyochemshwa. Basi. Ukishafanya vitako vitatu utakuwa na maoni yako mwenyewe na hutanihitaji.

UTAKACHOHITAJI

- Linsidi iliyochemshwa, nusu lita inatosha na inabaki
- Tapentaini, nusu lita (si tina ya rangi za magari)
- Msasa namba 150, 240, 320 na 400, na kipande cha mbao au raba ngumu cha kuuzungushia
- Pamba ya chuma laini kabisa, namba 0000; ile ya kusugulia masufuria ni kali mno
- Fulana kuukuu za pamba, zilizofuliwa bila dawa ya kulainisha nguo
- Pasi na kitambaa kinene cha pamba
- Mswaki wa zamani
- Bisibisi zinazoenea sawasawa kwenye skrubu zako
- Rimuva ya rangi, kama kitako kina vanishi
- Asetoni, na unga wa chaki au poda ya talki
- Nta ya nyuki
- Glavu, barakoa ya vumbi, na ndoo ya bati yenye mfuniko, iliyojaa maji nusu
- Wiki tatu kwa uchache

Hicho cha mwisho ndicho ambacho watu hawanunui.

KWANZA, VITAMBAA

Linsidi haikauki kama maji yanavyokauka. Haipotei hewani. Inavuta oksijeni na kugeuka ngumu, na wakati wa kugeuka inatoa joto. Juu ya mbao joto hilo hulihisi. Lakini ukikunja kitambaa chenye linsidi ukakitupa kwenye pipa lenye vumbi la randa, joto linakosa pa kutokea, linajilimbikiza, na baada ya saa kadhaa kitambaa kinawaka chenyewe. Hakuna kiberiti, hakuna hitilafu ya umeme.

Tarehe 23 Februari 1991, mjini Philadelphia, Marekani, jengo la ghorofa 38 liitwalo One Meridian Plaza liliwaka moto ulioanzia ghorofa ya 22, kwenye vitambaa vya linsidi walivyoviacha mafundi waliokuwa wakishughulikia mbao za kuta. Zimamoto watatu walikufa. Kwa hiyo kila kitambaa ukimaliza nacho kitie kwenye ile ndoo ya maji, au kitandaze kimojakimoja nje juu ya waya hadi kikakamae kama kadibodi. Usikiweke mfukoni, usikiweke kwenye mfuko wa rambo, usiseme utakitupa kesho.

HATUA

1. Hakikisha bunduki haina risasi. Toa magazini, fungua bolti, tazama chemba, pale risasi inapokaa, kwa macho, kisha ingiza kidole. Risasi zikae chumba kingine kabla hujashika bisibisi. Toa skrubu taratibu. Bisibisi nyembamba kuliko ufa wa skrubu itakuachia kichwa kilichotafunwa, na hiyo ni aibu ya kudumu. Skrubu ya mbele na ya nyuma mara nyingi hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la bunduki kwenye kipande cha boksi na uchomeke kila skrubu mahali pake. Kama ni ya mitutu miwili, au mbao imeng'ang'ania chuma, usivute na usigonge. Mpelekee fundi wa silaha aifungue.

2. Tazama kabla ya kugusa. Chukua kitako nje kwenye mwanga wa asubuhi, ukigeuze polepole. Unaona mihuri ya jeshi, herufi ndani ya duara, namba zilizogongwa? Basi weka msasa chini. Mihuri ile ndiyo historia na ndiyo bei ya kitako, na msasa ukishaila hairudi. Kitako cha namna hiyo kisafishe tu kwa tapentaini na pamba ya chuma, kikauke siku mbili, uruke hadi hatua ya 8, kisha ya 10. Kagua pia nyufa, hasa nyuma ya mtambo (kile chuma chenye bolti na chemba) na kwenye shingo, pale mkono unaposhika. Ufa shingoni unapelekwa kwa fundi. Mafuta hayaungi.

3. Vua vanishi. Dondosha tone la maji. Likikaa juu kama shanga dakika nyingi na ukucha ukikwangua ngozi, kuna vanishi au laka. Paka rimuva nje penye hewa, subiri muda ulioandikwa kwenye kopo, kwangua kwa kipande cha plastiki kama kadi ya zamani ya simu, na tumia mswaki kwenye ile michoro ya almasi ya kushikia. Mwishoni futa kwa tapentaini. Usitumie kostiki soda. Inaipa mbao ya jozi weusi usiotoka na kulegeza nyuzi zake. Usianze kwa msasa pia, maana vanishi ya zamani inaziba msasa, unakasirika, unakandamiza, na mwisho unakula mbao.

4. Nyonya mafuta ya bunduki. Kitako kilichosimamishwa kabatini miaka ishirini, mtutu juu, kimekunywa mafuta yote yaliyoteremka kutoka kwenye mtambo. Utaona weusi pale mbao inapokutana na chuma, na ukibonyeza ukucha mbao inakubali kama sabuni. Changanya unga wa chaki na asetoni upate uji mzito, upake unene wa shilingi, uache ukauke kabisa. Unga unageuka kahawia kwa mafuta unayoyavuta. Piga brashi, rudia. Kitako kibaya sana nilichowahi kupata kilitaka mara saba. Fanya hivi nje, na mbali na moto, kwa maana mvuke wa asetoni huwaka haraka.

5. Pandisha mibonyeo. Mimi hii ndiyo hatua ninayoipenda. Mbonyeo ni pale nyuzi zilipokandamizwa bila kukatika. Zikinyweshwa na kupashwa joto zinajikumbuka. Lowesha kitambaa, kikamue kidogo, kikunje mara mbili juu ya mbonyeo, kisha gusa kwa ncha ya pasi iliyo moto wa pamba. Psss, mvuke unatoka. Hesabu tatu, ondoa, tazama. Tundu lililokuwa na kina cha punje ya mchele sasa ni kivuli tu. Lowesha tena, gusa tena. Mara ya nne au ya tano pitisha kidole ukiwa umefumba macho, hutalipata. Usipige pasi mbao kavu, utaiunguza, wala usipige juu ya mihuri, kwani mihuri nayo ni mibonyeo na itapanda vilevile. Mkwaruzo uliokata nyuzi haupandi. Huo uache, au upunguze kwa msasa.

6. Piga msasa, kwa adabu. Rudisha kwanza bamba la nyuma, au raba ya bega, mahali pake, ulizungushie selotepu mbili tatu. Ukipiga msasa mbao ikiwa uchi, kingo zinalegea mviringo, na siku ya kufunga chuma kinachungulia nje. Vivyo hivyo kingo zote zinazopakana na mtambo: usizisogelee. Mbao inatakiwa ikae juu kidogo ya chuma, upana wa unywele. Ikishashuka, lile swali la tatu la mwanzo jibu lake ni hapana, hakirekebishiki.

Anza na 150 kama kuna mikwaruzo mirefu, la sivyo anza na 240, kisha 320. Fuata nyuzi, usikate kukingama. Zungushia msasa kwenye kipande chako. Kidole kitupu kinachimba mabonde ambayo huyaoni sasa, ila mafuta yakishang'aa utayaona yote. Michoro ya kushikia usiiguse.

7. Simamisha nyuzi. Futa kitako kizima kwa kitambaa chenye maji, kiache kikauke kivulini. Ukikipapasa utahisi vinyweleo kama kidevu cha jana. Viondoe kwa msasa wa 320, mkono mwepesi. Rudia mara mbili zaidi, mara ya mwisho kwa 400. Ukiruka hatua hii, jasho la kwanza porini litakufanyia, na kitako chako laini kitakuwa tupa.

8. Mkono wa kwanza, yaani upakaji wa kwanza. Changanya linsidi na tapentaini nusu kwa nusu. Mchanganyiko ni mwepesi na unaenda chini. Paka kwa ukarimu, na hii ndiyo mara pekee utakayonisikia nikisema hivyo. Anzia mahali pasipoonekana: chini ya bamba la nyuma, ncha ya mbele, ndani ya matundu ya skrubu. Hizo ni sehemu nyuzi zimekatwa kukingama, zinakunywa kama mirija, na maji yanaingilia hapo kabla ya kwingine kote. Ninapofungua bunduki za watu, tisa kati ya kumi hazijawahi kupakwa chochote chini ya bamba. Kule mtambo unapolala paka mkono mwembamba mmoja tu, ufute kabisa. Mafuta yakijenga unene pale, chuma hakikai kama kilivyokuwa kinakaa, na bunduki iliyokuwa inapiga katikati inaanza kuhama.

Subiri dakika 15 hadi 20. Penye ukavu ongeza. Kisha chukua fulana safi ufute mafuta yote yaliyobaki juu, yote, mpaka kitambaa kitoke kikavu. Ning'iniza kwa waya penye hewa isiyo na vumbi. Arusha au Njombe kiangazi, siku moja au mbili. Tanga, Dar au Mombasa wakati wa masika, siku tatu, hata nne. Jaribu kwa nyuma ya vidole: kikiwa baridi na kinashika, bado.

9. Jaza vitundu. Vitako vingi ni vya mti wa jozi, ule ambao wengi huuita walnati, na mbao yake ina vitundu kama nukta za kalamu. Weka linsidi isiyochanganywa kwenye eneo la ukubwa wa kiganja, lisugue kwa msasa wa 400 kwa duara ndogondogo. Vumbi na mafuta vitakuwa uji wa kahawia. Uji huo ndio dawa. Usiufute, usukume ndani ya vitundu kwa kiganja, nenda eneo jingine. Uache siku mbili, kisha upunguze kwa 400 na tone la mafuta, ukifuata nyuzi, ufute. Rudia hadi uinamishe kitako dirishani usione tena nukta. Mara mbili au tatu zinatosha. Kitako cha biichi, kama vya baadhi ya bunduki za kijeshi, kina nyuzi zilizobana na hatua hii huihitaji.

10. Mikono ya kujenga. Sasa kopo lifunge, toa matone tu. Matone matatu kwa upande mmoja wa kitako. Yatandaze kwa kidole, halafu sugua kwa kiganja kitupu. Mwanzo mkono unateleza. Baada ya dakika kadhaa unaanza kukamata, sauti inabadilika kutoka mtelezo hadi mkwaruzo laini, na kiganja kinapata moto. Endelea hapo. Ukiona mkono unalia kama kioo kilichooshwa, futa kwa fulana kavu, ning'iniza.

Kesho, tena. Kila mkono wa tatu au wa nne pitisha pamba ya chuma kidogo kuondoa vumbi lililonasa, futa, uendelee. Mikono minane inaleta kitako cha kazi. Kumi na miwili inaleta kitako ambacho mgeni atakiomba akishike. Ratiba ya wazee inasema kila siku kwa wiki, kila wiki kwa mwezi, kila mwezi kwa mwaka, na kila mwaka maisha yako yote. Sijawahi kumpata mteja aliyeifuata hadi mwisho, ila waliofika kwenye "kila mwezi" vitako vyao navitambua nikiwa mbali.

Kosa ninalolikemea hapa nalijua kwa sababu nililifanya. Kitako changu cha kwanza cha kulipwa nilikipaka mikono mitatu mizito siku moja, Tanga, mwezi wa Aprili, kwa kuwa mwenyewe alikitaka Ijumaa. Nikakianika juani, uani. Jioni kilikuwa na nyoya la kuku limelala ubavuni, zuri, limenyooka, kama nimelichora. Nililitoa kwa msasa, pamoja na kazi yote ya wiki, na fedha sikudai.

11. Komaza, tia nta, funga. Baada ya mkono wa mwisho kiache wiki moja hadi mbili bila kukigusa. Kisha yeyusha nta ya nyuki ndani ya bakuli lililokaa kwenye maji moto, epua mbali na jiko, ndipo utie tapentaini kiasi sawa. Usiitie tapentaini ikiwa juu ya moto. Ikipoa inakuwa kama siagi. Paka nyembamba, subiri robo saa, sugua. Funga skrubu kwa ule mchoro wako wa boksi, bila kukaza kwa hasira, na hakikisha hakuna mafuta wala nta iliyoingia kwenye triga. Michoro ya kushikia ipake mwisho kabisa, kwa mswaki, mafuta yaliyotiwa tapentaini, mara mbili tu. Ukiijaza itakuwa laini, na kazi yake ni kuparuza.

MAMBO YAKIHARIBIKA

Kinanata baada ya siku tano. Umepaka mengi, au hukufuta. Usiongeze mkono mwingine ukidhani utafunika. Lowesha pamba ya chuma kwa tapentaini, sugua utando utoke, futa, acha siku mbili, uendelee kwa matone. Kama utando umekunjamana kama ngozi ya maziwa, ni kosa lilelile lakini limekomaa. Rudi kwenye msasa wa 320.

Umefuata yote na bado hakikauki. Uliza ni mbao gani. Kitako kilichochongwa huku kwetu kwa mvule au mpingo kina kemikali zake zinazopinga mafuta kukauka. Futa kwa asetoni, na ndani ya saa ileile paka mkono mwembamba sana. Ikigoma tena, mpingo usugue kwa nta peke yake. Wenyewe una mafuta ya kutosha.

Madoa ya kijivu au meusi kama pilipili. Ukungu. Linsidi, hasa mbichi, ni chakula chake, na kabati lililofungwa la pwani ndiyo nyumba yake. Futa kwa tapentaini, anika kwenye upepo, paka mkono mmoja wa linsidi iliyochemshwa kisha nta. Na usihifadhi bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au wa sponji. Chuma nacho kitakushukuru.

Mabaka yanayong'aa na mengine yamefifia. Penye kufifia mbao bado ina kiu. Ongeza hapo tu, mikono miwili, kisha kitako kizima mmoja.

Kimekuwa cheusi kuliko ulivyotaka. Linsidi hugeuka kahawia kwa miaka, hiyo ni tabia yake. Ukitaka rangi ibaki nyepesi anza upya kwa tung.

Kinang'aa mno, kinamulika porini. Pamba ya chuma namba 0000, mara moja kwa kufuata nyuzi, kisha nta.

Safari ya kuwinda ni Jumamosi na leo ni Jumatano. Usianze. Kifute vumbi, kipake nta ya nyuki kama kilivyo, nenda zako. Ukirudi, mletee seremala mbao.